Karatasi Niliyoiandika Kutoka Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Papa Furaha, yule mzee wa nyumba yenye geti jeusi, juu ya njia inayoshuka ziwani Cyangugu. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo tu, maana kwa muda mrefu nilikuwa natoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda huu, akasema nimweleze katibu wa kwaya, yeye aniandikie vizuri. Nilikataa. Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba nilizojenga hazijaanguka hata moja, na haya maneno nayo yatasimama. Nimeandika kwa mkono wangu. Ukikuta kosa, liruke uendelee.

Nataka kusema jinsi Bwana alivyoniokoa. Hakuniokoa na pombe, maana sinywi. Hakuniokoa na deni wala na kesi, maana sina. Aliniokoa na meza yangu mwenyewe, iliyokuwa inataka kuniua polepole ndani ya nyumba nzuri.

Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo. Baba alichunga ng'ombe za watu wengine. Tulipovuka kurudi Rwanda nilikuwa kijana mwenye shati moja, na nilikwenda Muganza, kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Kazi yangu ilikuwa kupasua mawe na kuyapakia kwenye kamiyo, yale malori makubwa. Herufi ambazo shule haikunipa nilizisoma kwenye mifuko ya saruji, wakati wenzangu wamelala kivulini. Na karatasi yangu ya kwanza ilikuwa mfuko huo huo. Ukiuchana mfuko wa saruji, katikati kuna karatasi safi, ngumu, isiyoshikwa na vumbi. Juu ya karatasi hiyo ndipo nilipoandika maisha yangu.

Sikufundishwa na mtu. Niliona tu kwamba kila jioni nasema nitafanya hiki na kile, na asubuhi nimesahau nilichosema, nabaki na mawe. Nikaandika, nikabandika ukutani. Kuanzia hapo sikuweza kusahau, maana nikifungua macho karatasi iko pale inaningoja.

Sasa hapa msilale, ndugu zangu, maana ushuhuda wote umesimama hapa. Mimi naandika kutoka chini. Hakuna nyumba inayoanzia kwenye bati. Unachimba, unaweka mawe ya msingi, unapandisha ukuta, bati linakuja mwisho. Kwa hiyo kitu ninachokitaka nakiandika kwanza kabisa, juu, ili nijue paa litakaa wapi. Kisha nashuka hadi chini ya karatasi na kuanza kupandisha. Ile karatasi ya kwanza, chini kabisa niliandika: nyundo yangu, maana niliyotumia ilikuwa ya kuazima. Juu yake, mwiko. Juu yake, kazi ya ujenzi. Halafu kiwanja, halafu mawe, halafu ukuta, halafu bati. Na juu kabisa, juu ya bati, niliandika: mke. Hakuna baba ambaye angempa binti yake mtu asiye na paa. Nikimaliza jambo moja nalipiga mstari, napanda.

Nilipanda kweli. Nilipata nyundo, nikapata mwiko, nikawa fundi, halafu mkubwa wa mafundi. Nyumba nyingi mnazoziona kwenye hii milima mikono yangu imepita. Nyumba yangu niliijenga jiwe kwa jiwe, na sikumwomba mtu msaada.

Esperansi alipoingia ndani kwa mara ya kwanza kama mke wangu, aliiona ile karatasi ukutani. Akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Weye bwana," akasema, "kumbe miye uliniweka juu ya bati? Kama lile jiwe banawekaka kule juu, bati isiruke na upepo?"

Nikamwambia ndiyo, wewe ndiwe jiwe lenyewe. Nilikuwa natania.

Tuliishi vizuri. Tulipata Furaha, binti yetu, ambaye leo ana familia yake Kigali, na Desire, ambaye yuko mbali sana, huko kwenye baridi, ananipigia simu wakati mimi naamka na yeye anaenda kulala. Meza yetu niliitengenezesha kwa mbao nzito, ndefu, na haikukosa watu. Mama wa sokoni, waimbaji wa kwaya, msafiri aliyekosa gari, wote walikula pale. Nilifikiri ni wageni wetu. Esperansi alipofariki ndipo nilipojua kwamba walikuwa wageni wake. Walikuja kwenye msiba, wakaja baada ya msiba, wakaanza kupungua, na siku moja hawakuja tena. Siwalaumu. Mlangoni walikuwa wanamkuta mtu anayejibu ndiyo na hapana.

Ndugu zangu, upweke hauingii kwa kelele. Kwanza niliacha kukaa mezani, nikawa nakula nimesimama jikoni, kijiko ndani ya sufuria. Meza ikajaa vitu: makopo ya rangi, misumari, kufuli la zamani, kamba. Halafu nikaacha kupika, nikawa nakula mkate na chai. Halafu chai bila mkate. Njia ya kutoka getini ikaota nyasi hadi magotini, na sikuona sababu ya kuzikata, maana hakuna mguu uliokuwa unapita pale isipokuwa wangu na wa mbwa. Nilikuwa nawasha redio asubuhi ili nyumba iwe na sauti, na nilikuwa naijibu.

Mchana nilikaa kwenye baraza. Kutoka pale ziwa lote liko mbele yangu, na upande wa pili milima ya Bukavu imejaa nyumba. Ikifika saa sita moshi unatoka kule, nyumba hii, nyumba ile, na mimi nakaa najiuliza: pale wanapika nini? Pale ni sombe, majani ya muhogo. Pale labda ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yangu.

Furaha akipiga simu ananiuliza, "Papa, umekula?" Nasema nimekula. Siku moja alikuja bila kunitangazia. Alifungua jiko, akafungua sufuria, akaangalia mkanda wa suruali yangu nilioutoboa tundu jipya kwa msumari. Hakupiga kelele, alikuwa mkali kimya kimya, kama mama yake.

"Papa, nitarudi kiangazi. Nikikukuta hivi, tunaenda wote Kigali. Nyumba tutapangisha."

"Nyumba yangu haipangishwi."

"Basi kula, Papa."

Akaenda zake. Nilibaki na hofu. Kigali ningekaa wapi? Kwenye kiti cha sebule ya mkwe wangu, nikiulizwa kama nataka chai. Nyumba niliyoipandisha jiwe kwa jiwe, alale ndani mtu ambaye hajui hata mchanga wake ulitoka wapi. Lakini kubaki pale nilipokuwa nako nilijua mwisho wake, na ninyi mnaujua.

Nikaenda kituo cha afya. Nilitaka waniambie ni tumbo, wanipe dawa. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kuchoka. Alipima, akapima tena, akaweka kalamu chini.

"Mzee, ugonjwa siuoni. Unakulaka na nani?"

"Nakula na kijiko," nikamjibu.

Hakucheka. Nilirudi nyumbani nimekasirika njia nzima, namsema yule binti peke yangu barabarani.

Lakini mtu aliyezoea kuandika, jambo likimkwama anatafuta karatasi. Nilikuwa na mfuko wa saruji uliobaki kwenye banda. Nikauchana, nikakung'uta, nikafagia pembe moja ya meza. Juu kabisa nikaandika kile ninachokitaka: KULA NA MTU. Ndugu zangu, niliona haya kana kwamba nimeandika tusi. Mimi niliyeandika kiwanja, kamiyo, mabati, sasa naandika kitu ambacho hata ombaomba wa sokoni anacho. Nikageuza uso nisikisome, nikashuka chini ya karatasi nianze msingi.

Chini kabisa: kukata nyasi. Juu yake: kutengeneza ngazi ya mlango iliyovunjika. Juu yake: kuondoa vitu mezani. Kufungua kabati la sahani za Esperansi, ambalo sikulifungua tangu aondoke. Kujua kupika maharagwe. Kungoja baraka ya mwisho kanisani. Kumsalimia mtu mmoja. Kujua jina lake. Kumwita. Na hapo ndipo unafika juu, unakula na mtu. Ilikuwa kazi nzuri, imepangwa, fundi yeyote angeikubali.

Nikaibandika ukutani. Na sikuifanya. Mimi niliyebeba mawe Muganza, sikuweza kukata nyasi. Nilinoa panga, nikasimama njiani, nikaziangalia, nikarudi ndani. Kila siku hivyo. Msingi haukuchimbika, na bati liko kule juu linaniangalia.

Wageni hamjui desturi ya kanisa letu, basi niwaeleze. Mwaka ukianza, kila mtu anaandika hitaji lake kwenye karatasi na jina lake nyuma. Kikapu kinapita, karatasi zinaombewa, halafu kikapu kinapita tena, na kila mtu anavuta karatasi ya mwenzake. Unaiweka ndani ya Biblia yako na kuiombea mwaka mzima. Mimi miaka yote nilitia mahitaji ya maana: kamiyo, mbao, kazi ya mjini. Nikapata. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyekuwa akiniombea, nilidhani ni hii mikono.

Mwaka huo nilikwenda na ile karatasi ya saruji mfukoni, nimeikunja mara nyingi. Niliitoa ukutani kwa sababu nilichoka kuiona. Maman diakoni akasimama na kikapu mbele yangu.

"Papa Furaha, tia basi. Mkono unaniuma."

Nikaandika jina langu nyuma, nikatia. Nilijiambia, atakayeivuta ataanza chini, ataniombea nguvu za kukata nyasi, na mimi nikishapata nguvu mengine nitafanya mwenyewe. Kikapu kiliporudi nilivuta karatasi ya mama mmoja anayeomba mtoto. Naiombea mpaka leo. Nikatoka kabla ya baraka, kama kawaida.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mbwa alibweka. Mtu alikuwa anagonga geti kwa jiwe. Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa Mugisho, Mushi kwa kabila, mtu wa Bukavu anayeshona viatu karibu na kituo cha magari Kamembe. Kila siku anavuka daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, asubuhi na kurudi jioni. Mke wake alizaliwa huku, ndiyo maana Jumapili wanavuka wote kuja kusali kwetu. Nilimjua kwa sura. Kuongea naye, hapana.

"Sina kiatu cha kushona," nikamwambia kupitia tundu.

"Hapana viatu, Mzee. Minakuya kula."

"Nani amekuita?"

"Ni weye mwenyewe. Nilivuta karatasi yako. Hapa juu inasema kula na muntu. Sasa miye niko muntu. Kama hauamini, uliza maman yangu."

"Hiyo ni ya mwisho hiyo. Soma chini kabisa. Kuna nyasi."

Nikasikia karatasi inageuzwa. "Nyasi naiona. Lakini miye si mbuzi."

"Ni msingi. Unaanzia chini, unapanda."

"Papa, ni nani anasomaka karatasi kutoka chini? Bantu bote banaanzaka juu. Na Mungu mwenyewe, tunamupelekea hii karatasi, ataanzia wapi? Eko kule juu."

"Nyumba haijengwi hivyo."

"Miye sijengake nyumba. Nashonaka viatu. Kiatu unaanzaka pale kilitoboka. Fungua, Mzee, sambaza zitaharibika na hili jua."

Ndugu zangu, nilifungua. Sijui kwa nini. Labda ni zile sambaza, maana harufu yake ilipita kwenye tundu. Akaingia, akakanyaga nyasi zangu mpaka mlangoni bila kuzitazama, akaruka ile ngazi iliyovunjika kama mtu aliyezoea, na yule mbwa wangu mkali akamlamba mkono. Alikuwa na unga wa muhogo kwenye mfuko na samaki kwenye jani. Aliangalia meza yangu.

"Ehe. Meza ya bantu kumi, na inakulisha misumari."

Akapika yeye. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko kama mgeni. Nilimwambia sahani za kabatini hazitolewi. Hakuuliza. Akageuza ndoo mbili za rangi, tukakaa uani, bugali na sambaza kwenye sahani moja kati yetu, tukanawa, akaomba maneno machache, tukala kwa mikono. Alikuwa anaongea mdomo umejaa. Alinieleza juu ya maman mmoja aliyeleta viatu viwili vya mguu wa kushoto na kumlaumu yeye. Nilicheka, na sauti ya kucheka kwangu ilinishtua. Halafu macho yakaanza kutoa maji.

"Ni pilipili," nikasema.

"Pilipili sikuweka, Mzee," akasema Mugisho, akaendelea kula, akaangalia upande wa ziwa mpaka nilipojifuta.

Hapa mngetegemea niseme basi, niliokoka siku hiyo. Hapana. Kiburi changu kilikuwa na msingi mzuri kuliko nyumba. Alipokuwa anaosha mikono nilimwambia: umefanya vizuri, lakini usirudi mpaka nimalize kazi zangu. Nikikata nyasi, nikatengeneza ngazi, nitakuita kwa heshima, utakaa mezani kama mtu.

"Itaisha siku gani?"

"Ikiisha nitakuita."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, Mzee," akasema, akaenda. Ile karatasi aliirudisha ndani ya Biblia yake.

Hapo ndipo nilipoteseka kweli. Kabla yake nilikuwa nimezoea, kama mtu aliyezoea giza. Sasa nilikuwa nimekula na mtu, na chai ilikuwa haishuki. Ndoo zile mbili zilibaki uani zimegeuzwa, moja inaitazama nyingine, na sikuweza kuziondoa. Nilinoa panga tena. Nilisimama njiani tena. Nyasi zilikuwa zimelala pale alipokanyaga, na kila siku zilikuwa zinainuka kidogo kidogo. Niliziangalia zikiinuka, ndugu zangu. Niliona kwamba zikisimama zote hakutakuwa na alama kwamba mtu aliwahi kupita.

Wiki ilipopita, Jumapili nilikwenda kanisani na nilikaa hadi baraka ya mwisho, nimtafute. Hakuwapo, wala mke wake. Kesho yake nilipanda Kamembe. Mahali pake pamefunikwa na turubai, mawe juu yake. Nikamuuliza maman anayeuza mkate pale kando.

"Papa Mugisho? Wiki nzima hajavuka. Mutoto wake anagonjwa, ule mudogo. Weye ni nani yake?"

Mimi si ndugu yake, si mteja wake. Nikasema, "Nilikula naye."

"Basi," akasema yule maman, kana kwamba hilo lilitosha, akanielekeza nyumba yake ng'ambo, kwenye mlima, juu ya njia ya udongo mwekundu, karibu na bomba la maji.

Nilirudi nyumbani nikapika maharagwe. Peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani. Nilikaa kando ya moto na bado yaliungua chini, sijui yalipata nafasi gani. Nikayafunga na sufuria yake yote ndani ya kitenge cha Esperansi, kwa fundo, jinsi alivyokuwa anafunga yeye, nikashuka darajani. Tangu nivuke kurudi Rwanda sikuwahi kurudi upande ule. Sikuwa na chuki, sikuwa tu na mtu wa kumwendea. Nilichukua jetoni, kale kakaratasi ka kuvukia, nikasimama kwenye mstari katikati ya mama wenye mizigo. Mwenye kazi ya kukagua alinusa kitenge.

"Mzee, unapeleka nini?"

"Maharagwe."

"Ng'ambo hakuna maharagwe?"

"Yapo. Haya ni yangu."

Akacheka, akanipitisha. Nikapanda ule mlima na magoti yangu haya. Kila nyumba ina moshi. Ni moshi ule ule niliokuwa nautazama kutoka barazani, na sasa nilikuwa ndani yake, unaniingia machoni. Nikageuka kuvuta pumzi, nikaona ng'ambo ya maji nyumba yangu. Nilijua ni yangu kwa bati. Kutoka kule ilikuwa ndogo, na haikuwa na moshi.

Mugisho alikuwa amekaa mlangoni kwake, mtoto amelala mapajani. Aliniona, akaona kitenge, akaona jasho.

"Mzee. Nyasi imeisha?"

"Haijaisha," nikasema. "Nimekuja kula."

Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi. Mke wake akatandika mkeka, batoto wakaja kutoka kila upande, wengine wake, wengine wa jirani, sikujua ni nani wa nani. Mke wa Mugisho alipofungua sufuria alifunga pua.

"Papa Furaha, haya maharagwe uliyapika ama uliyachoma?"

"Acha, maman, ni fundi wa nyumba," akasema Mugisho. "Alitia na matofali."

Walicheka wote, na mimi katikati yao nikacheka. Tukala. Yule mtoto mgonjwa, ambaye walisema hajataka kitu tangu juzi, aliamka na harufu, akaomba ile sehemu iliyoungua, ya chini kabisa ya sufuria. Nikamkwangulia mimi kwa kijiko, akala polepole kifuani pangu. Homa yake niliisikia kupitia shati. Tulimwombea pale pale, mikono bado ina mafuta, na Bwana akamwinua, leo anakimbia. Lakini nataka mjue kwamba mimi niliinuliwa kabla yake. Niliinuliwa Mugisho aliposogea kwenye lile benchi.

Wakati wa kushuka kurudi darajani nilikuwa naongea na Mungu kwa sauti, watu wananiangalia. Nikamwambia: Bwana, nilikupa karatasi na nikakupa na amri ya kuisoma. Nilitaka unipe nguvu za nyasi ili jambo la juu nijipatie mwenyewe, nisikushukuru wewe wala mtu. Wewe ukaanza na lile nililolionea haya.

Basi tangu pale, kila Jumamosi mchana geti langu linafunguka. Mugisho anafunga turubai yake anakuja, na wakati mwingine na mke wake na batoto. Yule maman wa mkate alikuja kuona kama ni kweli, akarudi na dada yake. Muuguzi yule mwenye macho ya kuchoka nilimfuata mwenyewe kituoni nikamwambia, sasa uliza tena swali lako. Naye amekuja mara moja.

Kiangazi Furaha alifika na begi tupu la kunipakia. Akakuta geti wazi na viatu vingi mlangoni. Akasimama pale na begi lake mkononi.

"Papa, hawa ni nani?"

"Ni watu. Kaa, ule."

Sahani hazikutosha. Furaha alitazama kabati la mama yake, akanitazama mimi, akaenda akalifungua, akazitoa zote, akazipangusa moja moja kwa upande wa nguo yake, akazipanga mezani. Alirudi Kigali na begi tupu.

Sitawadanganya mbele za Bwana. Siku nyingine za wiki bado nyumba ni kubwa, na jioni ni ndefu. Esperansi harudi. Redio bado naijibu. Lakini Jumatatu najua kwamba Jumamosi inakuja, na mtu anayengoja mtu si sawa na mtu asiyengoja mtu.

Na wala sisemi muache kuandika. Andikeni. Kijana usiyejua unataka nini, chukua karatasi, hata ya mfuko wa saruji, andika, bandika ukutani, panda. Mimi nisingetoka Muganza bila ile karatasi ya kwanza. Lakini kuna kitu umekiandika juu kabisa kwa herufi ndogo, au hukukiandika kabisa kwa sababu unaona haya. Hicho mpe Bwana kwanza, na jina lako nyuma. Usimngojeshe mpaka ukate nyasi. Na wewe unayevuta karatasi ya mwenzako kwenye kikapu, usiombe tu. Isome kutoka juu, chukua sambaza, nenda ukagonge geti lake.

Ninyi mnaotoka kabla ya baraka ya mwisho nawaona, maana naijua njia hiyo. Mkae kidogo. Mwaminini Yeye aliyenisogezea benchi kwenye mlima wa ng'ambo, maana benchi lake bado lina nafasi. Asiyejua kuandika aje kwangu nimwandikie. Jumamosi saa sita geti liko wazi. Muangalie tu mnapokanyaga, nyasi bado sijakata.